Uandike programu ya mguso kwa teknolojia gani? Anza na kitakachobaki

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana, na wale walioniandikia barua pepe bila kupata jibu naomba radhi. Leo nataka kulijibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote. Kijana mmoja aliyemaliza chuo juzi aliliuliza hivi: "Kaka, nataka kuanza kuunda programu za simu za kugusa. Nijifunze Kotlin, Flutter, React Native, ama nibaki na HTML na JavaScript ninazozijua? Sitaki kupoteza wakati."

Ndugu yangu, jibu langu huenda lisikufurahishe. Swali lako ni zuri lakini umelianzia mwisho. Kabla ya kutaja jina la lugha yoyote, jiulize hivi: huu mfumo ukifa, au mwenye mfumo akibadili nia, mimi na mteja wangu tutabaki na nini mkononi? Wengi huliona swali hilo kama la watu waoga. Mimi nililipia somo hili, na waliolipa pamoja nami ni wakulima ambao hawakuwahi hata kulisikia neno JavaScript. Ngoja niwasimulie.

Tableti sita kule Kinangop

Mwaka 2013 nilipata kazi kutoka kwa chama kidogo cha ushirika cha wafugaji upande wa Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Mfadhili mmoja alikuwa amewapa tableti 6 zenye Windows 8. Wakati huo karani wa kila kituo cha kukusanyia maziwa alikuwa akiandika kilo za kila mkulima kwa kalamu kwenye daftari kubwa, na mwisho wa mwezi madaftari yote yanapelekwa ofisini kujumlishwa. Kujumlisha kulichukua karibu wiki nzima, na malalamiko yalikuwa hayaishi. Niliambiwa niunde programu ambayo karani ataligusa jina la mkulima, aingize kilo, basi. Ofisi ipate jumla bila kuajiri mtu wa kukesha na kikokotoo.

Kwa wale ambao hawakumbuki, Windows 8 ilitoka tarehe 26 Oktoba 2012. Ndiyo Windows iliyomweka mtu wa kidole mbele ya mtu wa kipanya. Ukiiwasha unakutana na vigae vikubwa vya rangi rangi, na kile kitufe cha Start ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu 1995 kilikuwa kimeondolewa. Mwaka mmoja baadaye, toleo la 8.1 lilikirudisha.

Sisi waunda programu tulipewa njia tatu za kuandikia mfumo huo: HTML na JavaScript, C# au Visual Basic pamoja na XAML, na C++. Zote zilisimama juu ya msingi mmoja ulioitwa Windows Runtime. Mabishano yake yalikuwa makali. Mwezi Juni 2011 Microsoft ilipouonyesha mfumo huo kwa mara ya kwanza, ilizungumzia HTML5 na JavaScript, na watu waliokuwa wametumia miaka kujifunza .NET na Silverlight wakashikwa na hofu kwamba wameachwa. Ilipofika Septemba 2011, kwenye mkutano wa Build mjini Anaheim, California, ndipo walipohakikishiwa kwamba C# na XAML nazo zimo.

Niliyasoma mabishano hayo usiku kucha, utadhani nilikuwa na hisa kwenye kampuni. Mwishowe nikachagua HTML na JavaScript kwa sababu moja tu, nilikuwa nazijua. Na hadi leo sioni kwamba hiyo ilikuwa sababu mbaya. Makosa yangu yalikuwa mawili, na hakuna hata moja lililohusu lugha.

La kwanza lilihusu kidole. Mwongozo wa Windows 8 ulipendekeza amri zifichwe kwenye ukanda unaojitokeza pale mtu anapotelezesha kidole kutoka ukingoni mwa kioo. Nikaona ni jambo maridadi, nikakificha huko kitufe cha Hifadhi. Kwenye meza yangu Nairobi kilipendeza sana. Kule kituoni, saa kumi na mbili asubuhi, baridi inauma, watu wamepanga foleni na mitungi yao, karani vidole vimelowa maziwa, lakini wapi! Kioo cha aina hiyo hutambua kidole kwa sababu mwili wa mtu hubadilisha umeme kidogo ulioko juu ya kioo. Tone la maji au la maziwa nalo huubadilisha. Kwa hiyo kioo kikilowa hakijui tena kidole ni kipi na tone ni lipi. Karani akaniambia, "Bosi, hii kitu inataka mtu wa mikono mikavu, na hapa hakuna." Nikakitoa kile kitufe mafichoni, nikakiweka wazi, kikubwa kama kisanduku cha kiberiti, na kando ya tableti tukaweka kitambaa cha kufutia. Kuanzia hapo mambo yakaenda.

Kosa la pili sikuliona kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimeandika kila kitu mahali pamoja. Karani akigusa Hifadhi, mstari ule ule wa programu uliobadilisha rangi ya kigae ndio uliohesabu kilo, bei, na makato ya mkopo wa mkulima. Hesabu ya pesa za watu ilikuwa imefungwa kamba na sura ya Windows 8. Sikuona tatizo kwa sababu programu ilikuwa inafanya kazi, na mteja alikuwa ameridhika.

Mfumo unapozama

Sasa tazama kilichotokea kwa huo mfumo wenyewe. Upande wa simu, Windows Phone 7 ilitoka mwishoni mwa 2010, na programu zake ziliandikwa kwa Silverlight na XNA. Juni 2012 ikatangazwa kwamba simu hizo hazitaweza kupanda hadi Windows Phone 8. Februari 2013 Microsoft ikazindua mpango wake wa 4Afrika, na simu ya Huawei 4Afrika yenye Windows Phone 8 ikaletwa katika nchi kadhaa za bara hili, Kenya ikiwa mojawapo. Julai mwaka huo huo kampuni ikafuta vitabuni dola milioni 900 kwa sababu ya tableti za Surface RT. Mwaka 2014 tukaambiwa tuandike programu za aina mpya zitakazokaa kwenye tableti na kwenye simu. Mwaka 2015 ikaja Windows 10 na mpango mwingine tena, UWP, na Julai 2015 zikafutwa dola bilioni 7.6 zilizohusiana na ununuzi wa biashara ya simu za Nokia. Windows 10 Mobile ikapata masasisho yake ya mwisho Januari 2020. Silverlight ikaagwa rasmi tarehe 12 Oktoba 2021.

Hesabu mwenyewe. Mtu aliyeufuata mfumo huo kwa uaminifu tangu 2010 aliandika upya kazi yake mara tatu au nne ndani ya miaka mitano, na mwishowe akabaki bila simu ya kuiweka.

Siandiki haya ili kuicheka Microsoft. Haikuwa peke yake. Simu za kwanza za Firefox OS ziliuzwa 2013, na Desemba 2015 Mozilla ikatangaza kwamba inaacha biashara hiyo. BlackBerry 10 ilizinduliwa Januari 2013, na tarehe 4 Januari 2022 huduma zake zikazimwa. Wote walikuwa na wahandisi hodari na pesa nyingi.

Hata walioshinda hubadili nia. Apple ilipotoa iPhone mwaka 2007 iliwaambia waunda programu waandike kurasa za mtandao zitakazofunguliwa kwenye Safari. Machi 2008 ikatoa vifaa vya kuandikia programu za ndani ya simu, na Julai 2008 ikafungua duka lake likiwa na programu 500 hivi. Google ilianza na Java kwenye Android, ikaikubali rasmi Kotlin mwaka 2017, ikaitanguliza mwaka 2019, kisha Julai 2021 ikaleta Jetpack Compose, njia mpya kabisa ya kuchora kurasa za programu. Wale waliokimbilia zana za kuandika mara moja na kupeleka kila mahali nao hawakusalimika. Adobe iliachana na PhoneGap mwaka 2020, na Xamarin ikakoma kuhudumiwa Mei 2024.

Waswahili walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi waunda programu tunategemea cha ndugu kila siku, hatuna njia nyingine, kwa maana hakuna anayejiundia mfumo wake wa simu nyumbani. Lakini tunaweza kuamua ni kiasi gani cha kazi yetu tutakiacha kwenye nyumba ya huyo ndugu.

Shilingi 420 za shosho

Mwaka 2016 betri za zile tableti zilikuwa zimechoka, na makarani wote walikuwa na simu zao za Android mfukoni. Ushirika ukaniomba nihamishe programu. Nikawaambia kwa ujasiri, "Wiki mbili tu." Ilichukua miezi mitatu.

Sababu ni lile kosa la pili. Hakukuwa na mahali ambapo ningeweza kuzichukua hesabu na kuzihamisha. Zilikuwa zimetawanyika ndani ya vitufe na vigae vya mfumo ambao siutumii tena. Ikabidi nisome programu yangu ya zamani mstari kwa mstari, nikikisia nilikuwa nafikiri nini miaka mitatu nyuma, na kuandika upya kwa Java.

Mwezi wa kwanza wa programu mpya, siku ya malipo, shosho mmoja alikuja ofisini na daftari la shule la kurasa 32. Nilikuwepo siku hiyo. Akaketi, akafungua daftari, akaweka karatasi ya malipo kando yake, akaniambia, "Mwanangu, kitabu changu na simu yako hazisemi kitu kimoja."

Nikamwambia, "Shosho, kompyuta huwa haikosei kujumlisha."

Akasema, "Basi nijumlishie wewe."

Nikajumlisha. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na kila asubuhi alileta wastani wa kilo 4.4. Kwa siku 30 ni kilo 132. Karatasi ya malipo ilisema 120. Kilo 12 zilikuwa zimepotea, na kwa bei ya shilingi 35 hizo ni shilingi 420.

Programu ya zamani ilikuwa ikijumlisha kilo zote kwanza, kisha inaondoa sehemu za kilo mara moja mwisho wa mwezi. Mimi katika kuhamisha nilikuwa naondoa sehemu hizo kila asubuhi kabla ya kujumlisha. Kwa hiyo 4.4 ikawa 4, kila siku, mwezi mzima. Waliokuwa wakileta 4.6 walihesabiwa 5, na hao hawakuja ofisini kulalamika.

Tuliketi siku mbili kufanya hesabu upya ya kila mkulima. Waliopunjwa walilipwa, na pesa hizo zilitoka kwenye malipo yangu. Waliozidishiwa ushirika uliamua kuwasamehe. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimjibu mwanamke wa umri wa bibi yangu kuwa kompyuta haikosei, na ni mimi niliyekuwa nimekosea.

Kijana, sasa unaona kwa nini siwezi kukujibu kwa neno moja. Teknolojia yoyote kati ya zile ulizozitaja ingeweza kufanya kosa lile. Na yoyote ingeweza kuliepuka.

Maswali matano kabla ya kuchagua

Siku hizi nikipewa kazi ya programu ya mguso, nafuata maswali haya kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: ni kidole cha nani, na kinagusa akiwa wapi? Google inapendekeza kitu cha kuguswa kisipungue alama 48 za vipimo vya Android, yaani milimita 9 hivi, na Apple inasema pointi 44. Hizo ni hesabu za kidole kikavu. Kumbuka pia kwamba kidole hakina ile hali ya kipanya ya kusimama juu ya kitu bila kukibofya, kwa hiyo maelezo yoyote uliyoyaficha hapo hayataonekana kamwe. Tena usijaribu programu kwenye simu yako ya bei ghali. Nakumbuka ile Huawei IDEOS iliyowafungulia Wakenya wengi mlango wa Android mwaka 2011, ya shilingi 8,000 hivi, kioo cha inchi 2.8 chenye nukta 240 kwa 320. Programu nyingi zilizopendeza kwenye simu kubwa hazikusomeka kwenye ile. Simu zimebadilika, lakini bado mteja wako ana simu dhaifu kuliko yako. Nunua moja ya bei ya chini kabisa dukani, uifanye ndiyo simu yako ya kazi.

Swali la pili: je, kazi hii inahitaji mguso kweli? M-Pesa ilianza Machi 2007 kama menyu ndani ya kadi ya simu, na ikafanya kazi kwenye simu za mulika mwizi ambazo hazina kioo cha kugusa. Iliponea vita vyote vya mifumo nilivyovitaja hapo juu kwa sababu haikuwa imeweka nyumba yake kwenye mfumo wowote kati ya hiyo. Ikiwa wateja wako wanahitaji tu kujua salio au bei ya leo, ujumbe mfupi au namba ya nyota na reli huenda ikatosha.

Swali la tatu: programu itahitaji kugusa nini ndani ya simu? Ikiwa ni fomu na habari tu, andika ukurasa wa mtandao, na usione aibu. Hautahitaji ruhusa ya duka lolote, na kivinjari kiko kwenye kila simu ya kugusa. Ikiwa unahitaji kuongea na mizani au kichapishi kwa Bluetooth, kufanya kazi siku nzima bila mtandao na kutuma data jioni, basi andika kwa zana za mfumo wenyewe, na kwa Android hizo ni Kotlin. Ikiwa lazima uwepo kwenye Android na iPhone kwa pamoja na uko peke yako, hapo ndipo Flutter na React Native zinapoleta faida. Flutter hujichorea kila kitu yenyewe, kwa hiyo programu inafanana kila mahali lakini mzigo wa kupakua huwa mkubwa zaidi, na anayelipia data kwa shilingi anaiona tofauti. React Native hutumia vitufe vya mfumo wenyewe, lakini kuna kiunganishi kati ya JavaScript yako na simu ambacho ni lazima ukielewe kikiharibika. Airbnb ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaachana na React Native. Hiyo haina maana kwamba ni mbaya. Wao walikuwa na timu kubwa za Android na za iPhone, shida zao si zako.

Na kama wateja wako wote wana Android, kama ilivyo kwa kazi nyingi ninazozipata hapa Kenya, usilipie gharama ya kufika mahali ambapo hakuna anayekungoja.

Swali la nne, na ndilo nilolizunguka tangu mwanzo: ukiondoa mfumo, kitabaki nini? Gawa kazi yako sehemu tatu. Data ikae kwenye umbo ambalo zana nyingine zinaweza kulisoma. Mimi hutumia SQLite, ambayo imo ndani ya Android na iPhone, na waundaji wake wamesema wanakusudia kuitunza hadi mwaka 2050. Kanuni za kazi, yaani kilo, bei, makato, lini unaondoa sehemu za kilo, zikae kwenye mafaili yao peke yao, na ndani ya mafaili hayo pasitajwe kitufe, rangi, wala jina la mfumo. Sura ya programu, yaani kile kidole kinachokiona, ndiyo pekee iruhusiwe kuujua mfumo. Hiyo sura itakufa. Iandike vizuri, ipendeze, lakini ujue ni ya kutupwa.

Kando ya zile kanuni weka majaribio ya hesabu yanayojiendesha yenyewe kila unapobadilisha kitu. La kwanza kwenye mradi wangu linaitwa jaribio la shosho: kilo 4.4 mara siku 30, jibu lazima liwe 132. Likitoa 120, programu haiendi popote.

Swali la tano: nani ataitunza ukiondoka? Utaugua, utapata kazi Dubai, ama utachoka tu. Tazama mji ulipo. Je, mteja anaweza kumpata mtu mwingine wa hiyo teknolojia kwa bei anayoiweza? Lugha nzuri isiyo na wajuzi karibu nawe ni mzigo unaomwachia mwenzako.

Wanaonipinga

Rafiki yangu mmoja, hodari kuliko mimi, hukataa maneno haya. Yeye husema waliofaidi ni waliowahi. Walioingia kwenye duka la Apple mwaka 2008 lilipokuwa na programu 500 walionekana na dunia nzima bila kutangaza, na waliongoja wakaja kupotea katika umati. Ana haki. Kama ni wakati wako na pesa zako, rukia mfumo mpya siku unapotoka. Mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwa kuruka hivyo, na ile Windows 8 ilinifundisha kufikiria kidole kabla ya wengi walionizunguka. Lakini ukiruka na pesa za ushirika wa maziwa mgongoni, waambie kwanza, na uwaonyeshe mtarudi vipi.

Mwingine husema kugawa kazi sehemu tatu kunachelewesha. Ni kweli. Kwa kazi kama ile ya Kinangop kungeniongezea wiki moja mwanzoni, labda wiki na nusu. Nililipa miezi mitatu, malipo yangu yakapungua, na nikaaibika mbele ya shosho.

Kwa hivyo, kijana

Bila kukuacha hewani: kama uko Kenya na wateja wako ni vyama, maduka, mashule na vituo vya afya, jifunze Kotlin, na usiitupe HTML unayoijua. Sababu yangu si kwamba Kotlin ni tamu, ingawa ni tamu. Ni kwamba Kotlin inaweza kuita mafaili ya Java bila kuyaandika upya, kwa hiyo zile kanuni nilizoandika upya mwaka 2016 baada ya kisa cha shosho bado zinafanya kazi hadi leo bila kuguswa. Na tangu Novemba 2023, njia ya kuandika kanuni kwa Kotlin mara moja na kuzitumia Android na iPhone imetangazwa kuwa imekomaa, hivyo siku ushirika ukitaka iPhone, kanuni zitakazokuwa zimeandikwa kwa Kotlin hazitaandikwa upya. Ukiniuliza tena baada ya miaka mitano huenda nikakutajia jina jingine. Maswali matano sidhani nitayabadilisha.

Sura ya ile programu nimeiandika upya mara mbili tangu hapo, mara ya mwisho kwa Jetpack Compose, na safari hiyo ilinichukua siku tisa. Kitufe cha Hifadhi bado ni kikubwa kama kisanduku cha kiberiti. Shosho naye bado anaandika kilo zake kwenye daftari kwa kalamu, na nikipita Kinangop mwisho wa mwezi tunaketi tunalinganisha.

Haya basi, kwa leo naishia hapo. Walio na kisa kama hiki waniandikie, hasa kama mlihama mfumo mkasalimika bila maumivu. Kwaherini kwa sasa.